Filimbi ya Marehemu Baba

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Magomeni. Sote wazima, na mtoto wa kaka yako ameota jino, anamng'ata kila anayembeba.

Unasema huko Marekani uliko, sheria inairuhusu familia kununua bunduki ya askari polisi aliyefariki. Unauliza kama sisi tungeinunua ya baba yangu. Mimi ningeinunua! Nilikuwa msichana bado, na baada ya arobaini yake nilimlilia mkuu wa kituo anipe.

"Ile mali ya serikali, binti," akasema.

Mama akadakia, "Bunduki kaa nayo, afande. Mimi naomba filimbi yake."

"Hata filimbi ni ya serikali, shemeji." Kisha akacheka, akampa.

Tangu hapo mama akawa anatuita kula kwa filimbi. Siku moja askari wawili wa doria wakaja mbio wakidhani kuna mwizi, wakamkuta ameshika mwiko wa ugali wa muhogo. Akawakaribisha, wakanawa, wakala. Mama alicheka mpaka machozi, mara ya kwanza tangu msiba. Nikimtazama, bunduki ikanitoka kabisa moyoni.

Mungu akulinde, mwanangu.

Bibi yako,
Somoe