Wasifu wa Shangazi Mkubwa

Ijumaa, 7 Machi

Hajajua! Hajajua, hajajua, hajajua. Naandika mara nne ili na mimi niamini.

Jana saa mbili usiku televisheni walirusha kile kichekesho kipya, "Mtandao Umerudi". Nilitazama nimekaa ukingoni mwa kitanda, mto nimeung'ata. Mkuu wa kitengo cha kompyuta, Bwana Rauta, anavua viatu kila anapoingia chumba cha seva. Seva zake kazipa majina ya wajomba zake. Seva kubwa inachoka, inazimwa, na yeye anatoa karatasi mfukoni, anaisomea wasifu kama marehemu, halafu analia. Na kile kicheko cha kubandika — hahahaha! — kila akimeza mate.

Sasa. Mkuu wangu mimi anavua viatu. Seva zetu zina majina ya shangazi zake. Na mwaka jana, seva tuliyoiita Shangazi Mkubwa ilipozimwa baada ya miaka kumi na moja, alitoa karatasi mfukoni. Mle ndani tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Binamu yangu, mwandishi wa kipindi, hakuwepo. Mimi ndiye niliyemsimulia, tukiosha vyombo nyumbani kwa bibi, nikiigiza na sauti. Alicheka mpaka sahani ikamponyoka. Amegeuza shangazi kuwa wajomba, basi anadhani amejificha! Mjinga yule. Nampenda, lakini mjinga.

Leo nimeingia kazini. Mapokezi kumewaka moto. Betri anasema kicheko cha kubandika ni matusi, mtu mzima haambiwi pa kucheka. (Betri ni fundi mwenzangu. Tunamwita hivyo kwa sababu ikifika saa tisa ameisha chaji.) Dada wa Mapokezi anasema kiondoeni hicho kicheko tuone kama nyie mafundi mtajua kuna mzaha. Mhasibu anasema kile si kichekesho, ni ripoti. Betri akaongeza kwamba ile waya aliyoshika Bwana Rauta si ya mtandao, ni ya printa, na mwandishi asiyejua waya hana haki ya kutuchekesha. Wakamzomea.

Mara Mkuu huyo, na chupa yake ya chai. Nikasema leo ndiyo leo.

Akauliza mnabishania nini. Dada akamwambia. Mkuu akasema na yeye kakitazama. Kakitazama! Na kwamba Bwana Rauta anamjua: ni yule mkuu wa kompyuta wa jengo la pili, yule wa miluzi. Hata kuvuta pua ni vilevile. Akamimina chai yake, akaenda zake.

Wakacheka wote. Mimi nikacheka kuliko wote, nikapaliwa, Dada akanipiga mgongoni. Nimerudi nyumbani mwepesi. Nimekula sahani mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Nimejiunga na kundi la mashabiki kwenye simu, kwa jina la bandia. Watu mia sita! Na wote wanabishana. Wasifu wa seva unachekesha au hauchekeshi? Wengine: mbavu hatuna. Wengine: hao waandishi wanawacheka mafundi, wanatuona vichaa. Mmoja kaandika yeye ni fundi miaka ishirini na hajawahi kuona mtu akililia mashine. Wa pili akamjibu basi hujawahi kupoteza data.

Kuna mmoja anajiita Kiti cha Mbele. Anaandika sentensi nzima, na nukta mwishoni, na "Habari za asubuhi, wana kundi". Mwalimu mstaafu huyo, nimekata shauri. Kaandika hivi: "Mtu halilii chuma. Ipo sababu, na waandishi wameiacha nje. Wangeiweka, tungecheka zaidi, si pungufu."

Wamemrukia. Mzee usituharibie uhondo. Mzee nenda kalale.

Mimi sikuandika kitu. Ninaijua hiyo sababu. Shangazi Mkubwa alikuwa mtu kabla ya kuwa seva. Ndiye aliyemlea Mkuu tangu akiwa na miaka mitatu. Wiki ile seva ilipoanza kufa, Shangazi naye alikuwa anaumwa. Kwenye seva ile kulikuwa na kumbukumbu za kampuni nzima, na hakuna aliyeijua ila Mkuu. Alikaa kazini siku nne akihamisha data, faili moja moja. Shangazi wakamzika bila yeye. Siku ya tano akaizima seva, akatoa karatasi.

Kadi ya rambirambi nilisaini mwenyewe! Lakini hiyo sehemu sikumsimulia Binamu. Ningemsimulia, sahani isingeanguka. Ndiyo hivyo. Nilitaka achekeeee.

Jumatatu, 10 Machi

Maajabu. Betri kanivutia stoo, kafunga mlango, jasho linamtoka. Nikajua nimeumbuka. Kumbe! Anadhani ni yeye. Alimsimulia kinyozi wake habari ya viatu na majina ya shangazi, na kinyozi huyo hunyoa watu wa televisheni. Yale ya wasifu, anasema, bila shaka wametia chumvi. Lakini habari ya viatu imetoka kwake. Mkuu akijua, itakuwaje? Kanisihi nisimwambie mtu.

Nami — Mungu anisamehe — nilishusha pumzi. Nilihisi mzigo umetoka kichwani kwangu ukatua kichwani kwake, na nikauacha hapohapo. Nikamwambia usijali, haitafika kwa Mkuu. Nikampigapiga bega! Kama mtu mwema.

Jumanne, 11 Machi

Kwenye kundi, mmoja alikuwa anamfokea Kiti cha Mbele kwa herufi kubwa. Akamjibu: "Kwanza tulia. Halafu soma tena, hadi mstari wa mwisho."

Nikaweka simu chini.

Kwanza tulia, halafu soma tena, hadi mstari wa mwisho. Ndivyo Mkuu anavyomwambia kila mtu anayempigia simu analia kwamba kompyuta imegoma. Ndivyo alivyonifundisha mimi, wiki yangu ya kwanza kazini, tulipokuwa tunatafuta kosa kwenye kurasa mia mbili za kumbukumbu za mashine. Kosa lilikuwa mstari wa mwisho kabisa.

Hapana. Watu wengi husema hivyo. Walimu wastaafu hasa.

Hapana.

Jumatano, 12 Machi

Nimempigia Binamu wakati wa chakula cha mchana, nimejifungia chooni. Nikamuuliza: jina lako linatokea mwishoni mwa kipindi? Akacheka. Linatokea bwana, jina kamili, linapita mbio kama sekunde mbili hivi, kwani nani husoma yale?

Najua mtu mmoja anayesoma yale. Na anamjua Binamu! Mwaka juzi Binamu alileta kazini kwetu kompyuta yake iliyomwagikiwa maji, Mkuu akaikausha kwa mikono yake mwenyewe siku nzima, akamwokolea maandishi yake yote. Huenda hata Bwana Rauta alikuwa humo ndani.

Basi nikamwambia Binamu kile nilichoacha. Shangazi, siku nne, mazishi. Halafu akasema, taratibu, kwa nini hukuniambia? Nikasema usingecheka. Akasema ningecheka, dada, ila ningejua ninacheka nini. Akakata. Hajawahi kunikatia simu tangu tuzaliwe.

Betri hali. Kaacha chakula chake mezani, kifuniko hakijafunguliwa. Anasema Ijumaa atakwenda kwa Mkuu kusema yote, liwalo na liwe. Ana watoto wawili na hofu ya kufukuzwa. Nikamwambia subiri. Akauliza nisubiri nini. Nikasema subiri tu.

Alhamisi, 13 Machi

Nitasema kesho. Kabla ya Betri.

Mkuu, samahani. — Hapana.
Mkuu, unakumbuka yule binamu yangu — Hapana!
Mkuu, ni mimi.

Hivyo basi. Maneno matatu. Mtu aliyenifundisha kazi, aliyenitetea walipotaka kunipunguza, akaniambia mbele yao wote kwamba nikiondoka na yeye anaondoka. Na mimi nikamfanya kichekesho cha kuoshea vyombo.

Leo kipindi kimerushwa tena. Sikucheka hata mara moja. Mara moja tu, Bwana Rauta alipofungiwa na mlango wake mwenyewe. Hiyo ni kweli vilevile, lakini hiyo ilinitokea mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa chumba cha seva, miguu mitupu, nimekalia boksi. Daftari hili hulala chini ya bisibisi kwenye mkoba wangu, leo nimelitoa humuhumu kazini. Mkuu kaenda kutuletea chai. Naandika haraka kabla hajarudi, maana nikisubiri jioni nitaanza kujipamba.

Nilichelewa! Nafika, Betri kishaingia, viatu mkononi. Mkuu, ni mimi, ni kinyozi wangu, sikujua, nisamehe. Mkuu kamwangalia juu ya miwani. Akamuuliza: huyo kinyozi wako anajua karatasi yangu ilikuwa na nini?

Karatasi gani, Betri akauliza.

Mkuu akasema basi, nenda ukaitazame printa ya Mhasibu, na kabla ya hapo ule, umekonda. Betri katoka anapepesuka. Tukabaki wawili, kama siku ile.

Nikasema, Mkuu, ni mimi.

Akasema, najua.

Tangu lini?

Tangu usiku wa kwanza. Alisoma majina mwisho wa kipindi. Hadi mstari wa mwisho, binti, nilikufundisha nini? Jina la Binamu lilikuwa la pili kutoka chini. Na mle ndani tulikuwa wawili, na yeye hakusimulia mtu, basi hesabu si ngumu.

Na yule wa jengo la pili? nikauliza. Wa miluzi?

Nilitaka kuona utacheka vipi, akasema. Ulipaliwa.

Loo! Nikaanza kulia, tena kwa sauti, mikono usoni, na feni za seva zinavuma pande zote. Akasema kwanza tulia. Nikamtazama. Kiti cha Mbele ni wewe? Akakohoa. Akasema mambo ya makundi ya simu yeye hayajui, na kwa nini vijana hawaweki nukta.

Halafu akaniambia kweli tupu. Kwamba aliudhika. Kwamba alizima televisheni katikati, akaenda kusimama uani. Mkewe akaiwasha tena, akacheka, akamwita: njoo uone, huyu mtu ni wewe mtupu, hata mabega! Akarudi. Akajiona amesimama na ile karatasi. Akacheka. Anasema mwaka mzima nyumbani kwake hakuna aliyethubutu kulitaja jambo lile, wanamzunguka kama yai. Hadi jana yake hakuweza kusema neno "Shangazi". Usiku ule walilitaja mpaka wakaenda kulala.

Kilichonikera, akasema, ni kile kicheko chao. Kinacheka mahali si pake.

Nikamwambia lingine, lile baya zaidi: kwamba sababu niliijua, nikaiacha kwa makusudi. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa. Akasema hilo ndilo lililomuuma, kuliko viatu. Na akasema limekwisha. Sijui kama mtu anaweza kusema hivyo na likawa limekwisha, lakini mabega yangu yameshuka, yalikuwa masikioni tangu wiki iliyopita.

Kisha akatoa karatasi ileile mfukoni. Bado anatembea nayo! Imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Akasema ulisikia ukurasa wa kwanza tu. Nililia kabla ya kugeuza. Akaigeuza, akanipa. Mpelekee binamu yako. Ila soma wewe kwanza.

Akaenda kutafuta chai.

Nimesoma. Mwandiko wake wa lebo za nyaya, herufi zimesimama wima. Ameandika kwamba Shangazi aliambiwa kuna mashine yenye jina lake, na tangu hapo kila akipiga simu alimuuliza: na yule wajina wangu, amekula? Amekula, Shangazi, anakula umeme. Usiku na mchana? Usiku na mchana. Mpunguzie, mwanangu, atanenepa.

Nimecheka! Peke yangu, mbele ya seva kumi na mbili. Nimecheka mpaka boksi limebonyea.

Halafu mstari wa mwisho. Simu ya mwisho. Mkuu alimwambia anakuja, ameomba ruhusa, anaondoka leo. Shangazi akamjibu: usije, kaa na huyo wajina wangu, mimi nina watu hapa, yeye ana wewe tu.

Siwezi kuona vizuri ninapoandika. Namsikia mlangoni, ameweka vikombe chini, anavua viatu. Kimoja. Cha pili. Anauliza kwa sauti kutoka hukohuko nje: umecheka wapi?