Posa ya Ijumaa Kuu

Arnel anaoa, dada Belen! Mwanangu injinia wa meli, na binti kakubali! Hamjambo huko Cebu?

Orodha ya sikukuu za mwakani ilipotoka, mama wa binti akatupangia siku ya kupeleka posa: Ijumaa Kuu! Siku ambayo hatuli nyama, hatucheki, hata kuoga baada ya saa tisa ni mwiko. "Msihangaike na nguruwe wa posa, Mama Arnel," akaniambia kwa sauti ya asali. Anataka tuingie kimya majirani wasijue, ili akitokea mposaji daktari akane kwamba tulikuja.

"Mama, usigombane nao," Arnel ananisihi. Sigombani. Nimemjibu mama wa binti tutakuja sikukuu ya taifa inayofuata, na nguruwe mzima wa kuchoma, na mtaa wao wote nimeshaualika.

Mdogo wako Herminia, anayekungoja wewe na wanao wote Siku ya Ushujaa, tarehe tisa Aprili.