Mkanda wa Serikali

Rughenda, Butembo
Tarehe 14 Januari 2024

Mpendwa tantine Rébecca,

Leo nimeapa kukuambia yote, hata yale ambayo mtoto hasemi mbele ya wakubwa.

Lakini salamu kwanza. Habari ya Kisangani na joto lake? Mguu wako umepona? Sisi huku tu wazima. Maharagwe ya Mama yamekubali, nami nilifaulu mtihani wa kabla ya Noeli.

Likizo niliipitishia Beni, kambini, kwa dada yangu Adèle. Unamkumbuka mume wake, sajini Josaphat, kwenye harusi ulicheza naye mpaka kiatu chako kikakatika. Nilimkuta dada na michirizi ya mkanda mgongoni. Simu yake anaishika mume. Asubuhi akienda kazini anafunga nyumba kwa kufuli, na Adèle yumo ndani.

Siku moja alisahau kufunga, tukaenda kwa kapiteni anayeshughulikia mambo ya familia za askari. Alituambia, "Semeni tu, bamama. Hapa ni siri." Alikuwa anakula kuku. Akalamba vidole, kisha kwa vidole vile vile akanyanyua blauzi ya dada yangu ili atazame mgongo. Tangu siku hiyo sili kuku.

Akauliza, "Alikupiga ao alikukorije?"

Kukorije, tantine! Ndilo neno la mwalimu wetu wa Kifaransa anaposahihisha madaftari kwa kalamu nyekundu. Adèle akamjibu, "Mon capitaine, mutu anakorije makosa. Ya kwangu ni gani?"

"Ndiyo hiyo," akasema akicheka. "Mudomo."

Shuleni tumefundishwa kwamba kumfungia mtu, kumnyang'anya simu na kumtisha kila siku ni ukatili pia, hata kama damu haikutoka. Nilianza kulisema hilo. Akanikatiza: "Weye mutoto wa masomo, nani alikuuliza?"

Halafu akasimama mlangoni, akapaza sauti, akamwita Josaphat kutoka uwanjani mbele ya wenzake. Akamweleza kila neno dada yangu alilosema, nasi tumekaa pale pale. Mwishoni akamwambia, "Mukaba ni ya serikali. Hapana haribisha vitu ya serikali juu ya bibi."

Askari wakacheka. Josaphat naye akacheka, akapiga saluti. Kesi ikaishia hapo. Tulipotoka, kapiteni akatuonya tusiipeleke habari nje ya kambi, tusije tukachafua jina la jeshi. Kumbe siri ilikuwa yao, haikuwa ya Adèle. Kabla ya jioni wanawake kwenye bomba la maji walikuwa wameshampa dada jina la ule mkanda: Mama Mukaba.

Josaphat alitii. Usiku ule hakutumia mkanda. Alitumia mikono.

Asubuhi aliniachia ufunguo ili niteke maji, naye akaenda doria. Tulipanda pikipiki bila hata kufunga vyombo. Sasa Adèle yuko hapa Butembo kwa Sikitu, mke wa Issaka mwenye lori. Sikitu hakuuliza kitu. Alimpashia maji ya kuoga, akamwonyesha kitanda, akarudi kwenye biashara yake.

Mama hajui aliko, na inaniuma kumficha. Lakini juzi Josaphat alikuja kwetu na askari wawili. Mama akampikia, akamwita "mukwe wangu," akamwahidi kwamba mke wake akionekana tu atarudishwa. Alikula akashiba. Nilisafisha sahani yake nikiwa nimebana pumzi.

Hata hivyo si giza tupu. Wakili mmoja, mwanamke, amekubali kupeleka kesi kwenye mahakama ya kijeshi. Alizungumza na Adèle peke yake, mlango umefungwa, hata mimi alinitoa nje, nami sikukasirika. Anasema kwanza Adèle awe mbali, mahali ambapo mume hataweza kumfikia. Na jana nilimsikia dada akiimba akimenya viazi. Nilikuwa nimeisahau sauti yake ya kuimba.

Barua hii inaletwa na Issaka, anayepeleka viazi vya Lubero huko kwenu. Usinipigie simu, kwa maana simu ya nyumbani anaishika Mama. Mpe Issaka jibu lako mkononi kabla hajageuza lori. Ukikubali kumpokea, safari ijayo atamleta Adèle.

Msalimie mume wako Delphin, na mwanao Malachie naye, lakini usiwasomee haya. Wewe mwenyewe unajua Delphin hamalizi sahani bila kusimulia. Mungu akutie nguvu, aibariki nyumba yako na kila atakayelala ndani yake.

Swali langu ni moja, tantine. Mtu mwenye sare akigonga mlango wako, akakusalimu kwa adabu, akakuita mama, akasema yeye ni mkwe wenu na anamtafuta mke wake tu, utamjibu nini?

Mtoto wako akupendaye sana,
Bénite