Uji ya Mama Aneti haikukuua

Yaya Fostini, kaka yangu mukubwa,

Sufuria ya Mama Aneti bameisha kuipindua. Uji yote ilienda mu mufereji, mbwa ikakuja kulamba, na batu bakaanza kungoja ile mbwa ikufe. Unasikia? Batu wakubwa, wengine na kravati, bamesimama pa barabara banaangalia mbwa. Haikufa. Ililamba, ikaenda kulala ku kivuli. Noko, kaka ya Mama yetu, akasema eti ile sumu ni ya batu, haiko ya mbwa.

Ilikuwa juzi. Mimi nilikuwa pale, nashika velo yangu, ile baiskeli ya mashindano, na sikusema neno hata moja. Unanijua, mbele ya batu wengi kinywa yangu inajifunga yenyewe. Lakini juzi haikukuwa haya tu. Ni kiapo yako ndio ilinifunga. Na niko na kasirani na weye, Yaya, mupaka kalamu inatoboa karatasi. Naandika juu ya kiti ya velo, niliishia mwaka ya ine ya primeri, kama kuna makosa utanisamehe. Hapana, usinisamehe. Ni mimi nafaa kukusamehe, na bado.

Tangu tulikuzika, hapa Ngezi habari ni moja: "Bamemulisha sumu." Mutu mwenye kupanda mulima na velo mbele ya wote, namna gani akufe na tumbo? Basi baliuliza weye ulikuwa unakula mukono ya nani. Ku ndoa haukukula. Ku matanga haukukula. Sahani ya Mama ulikuwa unaisukuma, unasema umeshiba. Ni kwa Mama Aneti tu, ile uji yake nyepesi ya mutama, bila sukari, bila maziwa, ulikunywa nyuma ya kibanda yake wakati batu bameisha kuenda. Basi ni yeye. Mutu moja mwenye alikupatia kitu yenye tumbo yako inakubali, ndio beye banamuita mulozi.

Na weye ulijua.

Ile siku ya barabara ya Bambu unaikumbuka? Wakati njia ilikuwa ingali inapitika. Tumbo ilinikata sawa wembe, nikatupa velo, nikaingia mu majani mbio, nikakukuta weye umeisha kuchuchumaa. Ukaniambia: "Bosko, tafuta muti yako, huu uko na mwenyewe!" Tulicheka, Yaya. Tulicheka sawa wajinga, suruali pa magoti. Kisha uliona damu yangu. Ukauliza pole-pole: "Na weye pia?"

Ile siku nilifurahi. Sijaambia mutu hii. Mwaka mbili nilikuwa naharisha damu peke yangu, nafikiri nitakufa, kumbe yaya yangu mwenyewe iko na ile ile. Ulinishikisha usukani ya velo yako ukaniapisha. "Bakijua batatutosha, batatufukuza mu ekipi ya velo. Batasema ni ukimwi. Batasema ni laana ya nyumba yetu." Nikaapa. Ungeniambia niape kulala mu moto, ningeapa.

Lakini wengine, Yaya? Wale vijana wa ekipi balikukosea nini? Uliwafundisha: "Tumbo tupu, mulima mwepesi." Beye banafikiri ni siri ya wakubwa. Banapanda bila kukula, macho inaingia ndani, kila mutu anataka kuwa sawa Fostini. Ukumu alizimia mu kona, akavunjika bega, na weye ukamugombeza mbele ya wote eti alikula mihogo kwa kujificha. Nilikuangalia. Weye ukaangalia cheni ya velo. Haukuwa unafunga kula juu ya wepesi. Uliogopa majani. Uliogopa batu wakuone unashuka, unakimbia na mukono ku matako. Juu ya ile woga yako, ekipi muzima ililala njaa.

Na vidonge! Dokta alituambia siye wawili, wazi kabisa: hii ugonjwa ni matumbo inajichubua yenyewe ndani, inatembea mu familia, haiishi, lakini mutu anaweza kuishi nayo kama anameza dawa na haachi kwa ghafula. Ulimeza. Mwezi mbili damu ilikauka, ulipanda sawa mutu mwenye banasukuma. Kisha sura ikavimba kidogo. Ukumu akakuita "Papa Mukate," wote bakacheka, weye pia ukacheka. Kesho yake ulimwanga vidonge yote mu choo. Nilikuwa mu mulango. Nilikuambia, Yaya usifanye vile. Ukanijibu: "Weye kunya tu na unyamaze."

Nilinyamaza.

Mashindano ya Mahagi ulitoka wa pili. Ulishuka ku velo, tumbo imekuwa ngumu sawa ubao. Dokta wa kule alisema bakupasue ile siku ile ile. Noko akakataa, akakupeleka kwa muzee wa miti-shamba juu utapike sumu. Ulitapika siku tatu. Ugonjwa ilikuwa chini, beye banaitafuta juu. Na weye ulikuwa na kinywa! Ungesema neno moja. Noko alikuinamia akauliza: "Fostini, ulikula kwa nani?" Na weye ukajibu: "Kwa Mama Aneti."

Ukajibu vile. Wote balisikia. Mimi nilikuwa nashika muguu yako, ilikuwa baridi, na nilisikia. Ulijua ile ulizo inatafuta nini. Ulijua, Yaya. Ulichagua aibu imuangukie mwanamuke mwenye alikupikia, kuliko watu wajue unaharisha.

Sijui nifanye nini na hii. Nakulilia, kisha nakutukana, kisha nakulilia tena.

Mimi namezaka dawa yangu kila siku. Sura yangu imevimba, bacheke. Mbele ya mazoezi nakunywa uji. Wiki imepita nilishuka mara mbili kuingia mu majani, na nikawafikia wenzangu tena pa kilima. Ingekuwa weye pia, Yaya. Ndio yenye inaniuma zaidi. Ingekuwa weye.

Leo ekipi inafanya mashindano kwa jina yako, picha yako iko pa rompwe, pale barabara zinakutana, umevaa mayo, ile jezi ya bulu. Noko amesema mbele ya kuachilia mavelo atashika mikro ataje mulozi, batu wote wasikie. Unajua hapa kwetu banafanya nini nyuma ya kutaja. Vijana wamoja wameisha kuja na petroli mu bidoni. Asubuhi nilimupelekea Mama Aneti maji, juu anaogopa kuenda kuteka ku robine. Amejifungia. Aliniongelesha mu tundu ya dirisha: "Mwanangu, weye ulikuwa unakunywa sufuria moja naye. Namna gani haukukufa?" Haikukuwa ulizo. Anajua. Alikuwa anajua siku zote, alitupikia bila kutuaibisha.

Basi kiapo yako naivunja. Nitasema ugonjwa yako na nitasema yangu, mbele ya Mama yetu, mbele ya Ukumu, mbele ya wasichana wote wa Ngezi. Labda batanitosha mu ekipi. Batanitosha. Nakuahidia: hakuna mutoto wa hapa atapanda tena mulima na njaa juu ya uongo yako, na hakuna mutu atamugusa yule mama mimi ningali na sauti. Kasirani ikipunguka nitakuja ku kaburi, nitapalilia majani, tutagombana vizuri, mimi na weye tu.

Lala, Yaya yangu.

Naenda sasa. Noko ameisha kupanda ku meza, anapuliza mikro, "alo, alo." Nafaa nifike pale kabla afungue kinywa.