Wasusi wa Chumba cha Vijana

Mpendwa mshauri,

Kwa masikitiko makubwa nawatangazia wasomaji wako kwamba ufagio wa chumba cha vijana, katika maktaba ninayofanyia kazi, umevunjika mpini. Sasa naomba msaada, maana tangu siku hiyo situlii, nazunguka sebuleni mpaka mke wangu ananiuliza kama nimemeza feni, na tatizo lenyewe ni kwamba mkuu wetu amesema chumba kile kisipopata wasomaji kitageuzwa stoo ya viti vibovu, nami mkutubi mzima, mwenye miwani na kitambi, nimejaribu kila kitu, nimeweka mito ya kukalia, nimebandika picha, nimeandaa hata mashindano ya chemshabongo nikashinda mwenyewe, vijana hawaji, wanaokuja ni wasichana wa shule ya jirani, nao wanakuja kusukana nywele, mmoja wanamwita Vidole ndiye anayesuka, na anayesukwa anashika kitabu anawasomea wenzake kwa sauti, akisinzia anavutwa nywele, "Soma wewe, usinilalie!", na zulia zima limejaa nywele, mkuu alipoziona akauliza ni za nini, nikasema za paka, na maktaba haina paka, mshauri, na wiki hii anakuja kukagua, sasa niwafukuze nibaki na chumba kisafi kisicho na mtu, au niwaache tunyang'anywe chumba?

Mkutubi asiye na paka

Ndugu mkutubi,

Pole. Ukishaipokea, kaa chini nikuseme. Unalilia wasomaji, wamekuja kwa miguu yao, wewe unahangaika na zulia! Anayesukwa kichwa kimeshikwa, haendi popote, na wanaosubiri zamu wanasikiliza. Mito yako imewahi kufanya hivyo? Usimfukuze mtu. Tandika shuka kuukuu chini ya msusi, wakimaliza walikung'ute nje, wao, si wewe. Waulize wanataka vitabu gani, kisha funga mdomo wakujibu. Mkuu mlete wakiwa wanasukana, siyo baada ya kufagia. Habari ya paka kaifute leo hii. Na huo ufagio umeutangaza kwa mbwembwe bila kusema ulivunjikaje. Nanusa kitu. Sema yote.

Mpendwa mshauri,

Nimesema yote. Mkuu alisimama mlangoni, Vidole yuko kazini, nikamwambia mkuu paka hakuna, na ufagio sikuuvunja kwa kufagia. Siku ile niliingia kuwafukuza kweli, nikakuta wanasoma, msichana wa kwenye kitabu amefungiwa nyuma ya lori na dereva hana habari, nikauegemea ufagio nisikilize kidogo tu, kitambi kikamaliza kazi.

Mkuu hakucheka. Aliuliza, "Lori likafika wapi?"

"Shikamoo mama," alisema Vidole bila kuinua macho, "lakini kaa basi, tunasikiliza."

Akakaa, kwenye mto wangu! Alipoinuka alisema chumba kisiguswe mpaka kitabu kile kiishe. Nikakichungulia: zilibaki kurasa chache mno.

Vidole akamgusa msomaji bega. "Anza upya. Mama hakusikia mwanzo."