Babu Ananyeshewa

Kisian, 18 Februari 2024

Kwa Dada Lornah,

Nyinyi huko Luanda Kotieno mwaamkaje? Sisi tunapumua vizuri. Celestine anakusalimu, ana ujauzito wa miezi miwili, usimwambie mtu.

Nimetoka kwenye semina ya sisi watu wa maktaba na makumbusho madogo. Dada, nimetishika. Tulionyeshwa vyumba vya vitabu baada ya mafuriko. Uji mtupu. Nikakiwaza kile chumba chako cha makumbusho, pale karibu na ufuo, na ile ngao ya babu ya ngozi ya nyati iliyotundikwa ukutani. Ziwa siku hizi halina adabu. Tafuta nyumba sita za huko juu mlimani, wenyewe wakubali kupokea vitu maji yakija. Kisha mfanye zoezi. Mpango ambao miguu haijaujua ni karatasi tu.

Ndugu yako,
Calvince


Luanda Kotieno, 9 Machi 2024

Ndugu yangu Calvince,

Barua yako ilinikuta mzima, ila goti huniuma mvua ikinukia. Msalimie sana wifi, na hongereni.

Zoezi tumelifanya leo. Sikutaka kuvichosha vitu vyenyewe, kwa hiyo tulibeba maboksi matupu. Kila nyumba ilifungua mlango, na chai tukapewa. Mama Aloo, mmoja wa wenye nyumba hizo, alijitwika boksi lake kichwani, akalishika kwa kidole kimoja, akanitania: "Mama Makumbusho, hizi ndizo mali za wazee? Basi walikuwa maskini kuliko mimi!" Mzee Obiero alicheka mpaka akakohoa. Jioni nimeandika katika shajara yangu kwamba tuko tayari.

Dada yako,
Lornah


Luanda Kotieno, 5 Mei 2024

Calvince,

Sijui nianze na salamu gani. Tu hai. Mnara wa simu umeanguka, ndiyo maana nampa barua hii Walter wa teksi ya Probox.

Maji yaliingia jana asubuhi. Tulivitoa vitu vyote kabla hayajafika magotini, kama tulivyojizoeza. Nikafika kwa Mama Aloo na boksi. Akauliza lina nini. Nikamwambia, kigoda na kiko cha marehemu Opondo. Akarudi nyuma kama aliyeona nyoka.

"Lornah! Unaniletea mtu aliyekufa?"

"Mama, si ulikubali mwezi wa tatu?"

"Nilikubali boksi! Marehemu wa watu alale chini ya paa langu, na nina wajukuu wanaonyonya? Wakianza kufa, utakuja kuwazika wewe?"

Akafunga mlango. Nyumba zote sita, Calvince. Mzee Obiero alisema nami kupitia dirishani. Mchungaji naye akasema kanisani haviingii kabisa. Nilisimama barabarani na mvua ikanipiga, maboksi yakilainika. Watu niliokua nao!

Na mwiko huo naujua tangu utoto: kitu cha marehemu ni marehemu mwenyewe, na halali kwa wasio ukoo wake. Ila miaka hii yote ya kuvipangusa vumbi, kwangu vilikuwa vimeshakuwa vitu tu.

Nyumba yangu imo majini. Nalala darasani na wenzangu waliohama, nao wamekataa vilevile. Kila kitu kiko nje chini ya nailoni. Nyumba yako mpya hapa juu ni kavu, na haina mtu. Mpe Walter ufunguo, anarudi kesho.

Dada yako,
Lornah


Kisian, 9 Mei 2024

Dada,

Pole kwa yote. Sisi hatujambo. Barua yako nimekaa nayo siku hizi zote.

Nyumba ile mimi na Celestine bado hatujalala humo. Unajua ilivyo kwetu: mwenye nyumba ndiye hutangulia kulala. Wafu wakitangulia, itakuwa nyumba ya nani? Na mwenzangu tumbo limeshaonekana. Mimi niliyekuambia utafute milango, sikufikiri ungekuja kubisha wangu. Tafuta kwingine, nakuomba.

Ndugu yako,
Calvince


Luanda Kotieno, 10 Mei 2024

Ndugu yangu,

Nimefurahi kusikia wifi yu mzima. Juu ya tumbo lake sina la kukulaumu.

Jana nilichoka kungoja jibu lako, nikaacha kubembeleza majirani. Nikaenda kwa wenye vitu, maana marehemu hakatazwi kulala kwao. Kwa Tom, mjukuu wa Opondo, nilisema maneno mawili: "Babu ananyeshewa." Alitoka mbio kifua wazi, akakikumbatia kile kigoda. Nikaenda nyumba kwa nyumba hivyo hivyo. Hadi jioni kila kitu kilikuwa chini ya paa la ukoo wake.

Imebaki ngao peke yake. Wenyewe ni sisi. Nyumba ya baba ilishaanguka, mimi niliolewa, na paa la mume wangu limo majini. Limebaki lako.

Babu ananyeshewa, Calvince.

Dada yako,
Lornah


Kisian, 13 Mei 2024

Dada,

Sikulala. Nilimsomea Celestine barua yako yote. Akasema, "Huyo ni babu wa huyu aliye tumboni pia. Hawezi kuwa mgeni." Ufunguo huu hapa. Fungua, mwingize ndani.

Ndugu yako,
Calvince


Luanda Kotieno, 14 Mei 2024

Ndugu yangu Calvince,

Ufunguo umefika. Mwambie wifi asante, tena umwambie kwa upole, kwa sababu haya mengine sijui utamwambiaje.

Ngozi ya nyati ikilowa siku nyingi hurudi kuwa nyama. Jana mchana, nilipokuwa kwenye foleni ya unga, mbwa waliivuta kutoka chini ya nailoni. Mama Aloo ndiye aliyewafukuza, kwa mchi wa kinu, akilia na kumwita babu yetu kwa jina. Nilipofika alikuwa amesimama kando, hathubutu kuokota. Akaniambia tu, "Lornah, wamemla."

Kimebaki kipande cha ukingo, upana wa viganja viwili. Nilikwenda nacho hadi mlangoni kwako, nikatia ufunguo kwenye kufuli, mkono ukakataa kuuzungusha. Huyo si wa kuingizwa na mimi; ni wako wewe mwenye nyumba.

Nimekifunga katika leso yangu, nampa Walter pamoja na ufunguo na barua hii. Anaondoka sasa hivi. Akibisha hapo Kisian, mfungulie.

Dada yako,
Lornah