Limi Aliyelia Badala Yangu

Machimboni, Geita
Machi 1978

Dada yangu Mwahija,

Shikamoo. Naamini mlifika Shinyanga salama baada ya matanga, na kwamba shemeji hajambo na kifua cha mtoto kimepoa. Mimi na mwanangu Mwaisha tunamshukuru Mungu. Niko ndani ya eda kama ulivyoniacha; ukuta huu na mimi tumekwisha zoeana.

Dada, umeondoka tu, wakaja watu wa sinema kutoka Dar es Salaam. Walisema wanapiga picha maisha halisi ya wachimbaji, bila kutia chumvi. Waliposikia kwamba duara la kuchimbia dhahabu lilimfukia mume wangu Akida, wakataka mjane wake akalie mbele ya kamera. Shehe akawaambia kuwa mwenye eda hatoki mbele ya wanaume wageni. Wakasema basi atafutwe mwingine, kilio ni kilio. Maisha halisi hayo!

Fikirini, yule rafiki wa Akida aliyekuwa akichimba naye, ndiye aliyemleta Limi. Ni mwanamke wa Kisukuma anayewauzia wachimbaji uji na samaki kule kwenye maduara. Wakamketisha barazani kwangu, wakamfunga kanga yangu kichwani, nami nikachungulia nyuma ya pazia. Nilikuwa na hasira, dada. Nilisema moyoni, hata ujane wangu nao unaazimwa kama kinu.

Aliambiwa alie tu na kuita mume wangu, mume wangu. Akaanza polepole. Bwana mwenye kamera akasema jua limefichwa na wingu, arudie. Aliporudia ndipo maneno mengine yakamtoka. Alimwuliza Akida ni nani huko atakayemfunua miguu, yeye asiyeweza kulala miguu ikiwa ndani ya shuka. Watu wa sinema wakafurahi mno. Walipozima mashine yao, Limi hakunyamaza. Fikirini alibaki anatazama chini.

Miguu ya Akida, dada! Nani anaijua habari hiyo ila aliyelala naye?

Nikamwita ndani. Nilikusudia kumparura uso, Mungu anisamehe. Akaniamkia, akakaa chini karibu na mlango, mkeka akaukataa. Alisema niwe radhi. Akida alimsilimisha na kumwoa mwaka juzi mbele ya shehe wa kule kwenye maduara, Fikirini akiwa shahidi, naye akaahidiwa kwamba mimi nitaelezwa. Siku ya mazishi alikuwa uani kwetu pamoja na wapishi, hakuthubutu kutoa sauti. Fikirini alipowasikia watu wa sinema, aliona hapo ndipo pa Limi kumlilia mumewe bila kusutwa na mtu. Kisha Limi akaniomba jambo moja tu. Naye amewajibika kukaa eda, lakini ataikaaje katika kibanda cha uji, wanaume wakimtania kutwa?

Adhuhuri ilipoingia nikaswali. Kisha nikamwambia Mwaisha atandike mkeka wa pili.

Utauliza nimepatwa na nini. Hili nakwambia wewe peke yako. Wanawake wakija kunipa pole, mimi hujifunika kanga usoni, nao hudhani nalia. Sijalia, dada, hata siku ile uliponikumbatia. Nilikuwa nimemchoka Akida kabla hajafa. Nimekaa hapa naigiza mjane mbele ya majirani, na kumbe aliyefiwa alikuwa uani anamenya vitunguu. Jambo hili linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Gari la sinema likifika huko kwenu, watu watasema mwanamke yule anajua kuigiza. Usibishane nao.

Msalimie shemeji na watoto, na Mwaisha anakuamkia. Ile nguo ya eda uliyoniahidi, tafadhali ziwe mbili. Ya Limi uikate ndefu kidogo, maana amenizidi kimo.

Ni mimi mdogo wako,
Zuwena, Mama Mwaisha